Nusu Nitajichukulia

Jua lilikuwa linazama fundi cherehani alipofunga mlango wake na kwenda kwa wakala wa pesa, mtaa huohuo, kuweka akiba yake kwenye simu. Alikuwa ameikunja noti kwa noti ndani ya kitambaa cha sare. Cherehani yake ilikuwa imekata roho katikati ya msimu wa sare za shule. Thelathini zilikuwa zinasubiriwa Jumatatu. Mchana ule, kwenye mnada wa mtandaoni, alikuwa ameshinda cherehani nyingine: nyeusi, ya kukanyaga kwa miguu, yenye maua ya dhahabu yaliyofifia ubavuni.

Hakuna mtu mwingine aliyeweka dau.

Wakala, shoga yake tangu utotoni, alizihesabu noti akiwa amekunja uso.

"Unamlipaje huyo muuzaji?"

"Anataka nimtumie yeye mwenyewe, moja kwa moja. Anasema tukilipana kupitia mnada wanatukata wote wawili."

"Weee! Usithubutu. Lipia palepale kwenye mnada. Wao wanaishika pesa mpaka mzigo ufike, uukague, useme umeridhika. Ukimtumia mtu usiyemjua, hata akikuletea tofali, utamdai nani?"

"Lakini ananipunguzia nusu ya bei, shoga yangu."

"Nusu hiyo itakutokea puani."

Pesa zilipoingia tu kwenye simu, ikaita; alikuwa muuzaji. Fundi akatoka nje, akasimama kibarazani.

Kwanza alisikia pumzi. Nzito. Za taratibu… kama mtu anayepanda ngazi nyingi. Kisha sauti ya mwanamke mzee, ya chinichini.

"Mwanangu… nusu nitumie. Nusu nitajichukulia mwenyewe."

"Utajichukulia wapi, mama?"

"Hapohapo kwako. Wewe sema sawa."

Harufu ya udongo uliolowa ikampanda puani. Mvua haikuwa imenyesha mwezi mzima. Akazifikiria zile sare thelathini, akamfikiria na bintiye wa miaka minane aliyemwacha nyumbani akifanya hesabu za shule.

"Sawa," akasema.

Akaandika namba aliyotajiwa. Kabla ya kuthibitisha, simu ikamwonyesha jina la mpokeaji, kama kawaida.

Yalikuwa majina matatu. Yote matatu ya mama yake. Mama aliyemzika miaka sita iliyopita.

Kidole kikaganda hewani. Angeweza kufuta. Angeweza kurudi ndani akamwonyesha shoga yake. Lakini tangu siku ile ya maziko hakuna mtu aliyewahi kumwita mwanangu, na sauti ile ilikuwa imelitamka neno hilo polepole, kama mtu anayelijua…

Akabonyeza.

Asubuhi cherehani ilikuwa mlangoni. Hakusikia gari, wala hodi, wala nyayo. Akaifuta, akatia uzi, akaijaribu. Ilishona kama maji yanavyoteremka. Kufikia Jumapili jioni sare zote thelathini zilikuwa zimepigwa pasi, na fundi aliimba akizikunja.

Jumatatu bintiye akamwambia, "Mama, sikio hili halisikii."

La kushoto.

Jumanne likafuata jicho. Jumatano mkono, kisha mguu. Akinyweshwa chai, ilimwagika upande mmoja wa mdomo. Daktari alimpima toka utosini hadi unyayoni, akarudia, akavua miwani.

"Mishipa mizima. Damu nzima. Sioni ugonjwa, mama."

Lakini fundi aliuona mpaka. Ulianzia katikati ya paji la uso, ukashuka puani, kidevuni, kifuani, umenyooka kama mstari wa chaki ya kukatia nguo. Kulia kwake palikuwa na joto la mtoto. Kushoto… baridi ya sakafu.

Alikimbilia kwa wakala. Wakapiga simu kampuni ya simu. Muamala huo haupo, wakaambiwa, na namba hiyo haijawahi kusajiliwa. Wakawaandikia watu wa mnada. Jibu lilikuja upesi: ulilipa nje ya mnada, hatuna namna ya kukusaidia.

Hapo ndipo fundi alipomtajia shoga yake lile jina.

Wakala akaketi chini, sakafuni, kwa uzito.

"Kwa nini ulituma?" akanong'ona.

"Nilidhani ni mama."

"Mama yako? Mama yako akuuzie wewe cherehani? Si angekupa tu!"

Fundi akaipiga namba ile isiyosajiliwa. Iliita mara moja tu.

"Njoo uchukue cherehani yako," akalia. "Na pesa baki nazo. Niachie mwanangu."

Pumzi. Nzito. Safari hii hazikuwa za kupanda ngazi. Zilikuwa za mtu aliyeshafika, akaketi.

"Nimechukua nusu tu," ikasema ile sauti. "Kama tulivyopatana."

Ikakatika, na haikupatikana tena. Cherehani aliivunja kwa nyundo, vyuma akavitupa jalalani. Haikusaidia kitu. Alimpeleka mtoto kwa madaktari wengine wawili, akamwombea hadi sauti ikamkauka. Mpaka ule haukusogea hata unywele.

Wiki ya tatu, asubuhi, alikuwa akimwogesha. Akaushika ule mkono wa kushoto, uliolala muda wote huo kama gogo, apitishe sabuni katikati ya vidole.

Vidole vikajikunja. Vikamshika.

"Mwanangu!" Sabuni ikamponyoka. "Umenishika! Hebu tena… nishike tena!"

Mkono ukamshika tena. Kwa nguvu zaidi. Kwa nguvu ambayo mtoto wa miaka minane hana.

Binti akaugeuza uso polepole. Jicho lake la kulia lilikuwa limejaa machozi, na nusu ya mdomo iliyobaki kuwa yake ilikuwa inatetemeka.

"Mama," akanong'ona. "Siyo mimi."