Kibuyu cha Ibadakuli

Treni ya Mwanza ilichelewa siku hiyo, na stesheni ya Shinyanga ikajaa watu, kuku, mizigo na harufu ya vitumbua. Zuwena, binti wa fundi wa kushona kanzu, alikuja kumpokea shangazi yake Mwaisha. Alikuwa amevaa kanga nyekundu yenye maua meupe, mpya, ambayo bado ilikuwa na ugumu wa dukani. Alijua kwamba amependeza, na msichana akishajua hivyo husimama katikati ya njia bila kujali anamzuia nani.

Aliyemzuia ni Mabula, kijana mrefu wa Ibadakuli aliyevaa kaptura ya kaki, akiwauzia abiria maziwa. Filimbi ikalia, watu wakasukumana, na kibuyu cha Mabula kikammwagikia Zuwena kuanzia kifuani hadi miguuni.

"Unaona ulichonifanya?"

"Naona," alisema Mabula kwa upole. "Umekuwa kama ndama."

"Ndama hajifungi kanga."

"Basi nipe hiyo kanga nikakufulie."

"Na mimi nivae nini?"

Mabula alifikiri. "Hapo sijafika bado."

Zuwena alitaka kukasirika, akajikuta anacheka. Shangazi Mwaisha aliposhuka, aliambiwa kwamba ni mvua. Mwaisha alimnusa, akatazama mbingu iliyokuwa nyeupe kwa jua, akasema hajawahi kuona mvua yenye harufu ya zizi.

Yaliyofuata mnayajua, maana hata ninyi mmewahi kupenda. Mabula alipata sababu ya kupita mtaa wa mafundi kila aliposhuka mjini. Baba yake Zuwena alisema hamwozi binti yake kwa mtu asiyeswali, Mabula akasilimu, akapewa jina la Sabiti, wakaoana. Zuwena alimwita Mabula alipokuwa na furaha naye, na Sabiti alipokuwa amekasirika, hivyo jirani yeyote aliweza kujua hali ya nyumba ile bila kuuliza.

Walimpata mtoto wa kike, Zamoyoni, miaka ile ambayo dhahabu ya Geita ilikuwa inawavuta vijana kutoka kila upande. Mabula naye akavutwa. Kabla ya kuondoka alimchagua ng'ombe bora katika zizi la baba yake, jike jekundu, akamwambia mama yake, Limi, "Maziwa ya huyu ni ya mke wangu. Asinywe mwingine." Kwa Wasukuma, mke anayenyonyesha akikosa maziwa, aibu ni ya mume. Tangu siku hiyo Limi akawa anatoka Ibadakuli kila asubuhi na kibuyu kichwani.

Zuwena alikulia kwenye chai ya rangi, maziwa hayakuwa mazoea yake. Lakini alikunywa yote. Alimpenda mwanamume aliyeyatoa, na kila alipomaliza kibuyu alijiona ametunzwa.

Mtoto ndiye aliyekuwa hana raha. Akishanyonya alijikunja na kulia, akatapika. Mashavu yakafanya vipele. Asubuhi moja Zuwena alifungua nepi akakuta choo chenye makamasi na nyuzi za damu. Alikaa chini na kile kitambaa mkononi, akijiuliza ana nini yeye hata maziwa yake yamtoe mtoto damu.

Mwaisha alikitazama kitambaa, akafunga mlango kwanza.

"Mwanangu, huyu amebemendwa."

Zuwena alilijua neno hilo. Mtoto hubemendwa mama au baba anapotoka nje ya ndoa wakati bado ananyonya. Ndivyo watu walivyoamini.

"Mimi sijatoka, shangazi."

"Sikukuuliza wewe. Huko Geita kuna wanawake wanaouza pombe, na mumeo si mzee."

Stanslaus, dereva wa lori, ndiye aliyepewa ujumbe wa Zuwena aupeleke Geita. Mtu huyu hakujua kunong'ona. Alimkuta Mabula kwenye foleni ya chakula, akamwambia mbele ya wachimbaji wote, "Mkeo anasema hivi: Sabiti, mtoto anatoka damu, amebemendwa, na mimi sijatoka nje."

Wenzake walicheka. Mabula aliweka bakuli chini, akatoka kwenye foleni. Maana kulikuwa na Paskazia, muuza pombe, na kulikuwa na siku moja ya mvua ambayo Mabula aliingia chumbani kwake, akala wali wake, akakaa kitandani kwake huku mkono wa Paskazia ukiwa begani pake. Kisha akainuka akaondoka. Alikuwa amejiambia kwamba kuondoka kulitosha. Sasa aliiona damu ya mwanawe kwenye ule wali.

Huko Shinyanga Zuwena alimrudishia mama mkwe kibuyu kikiwa kimejaa.

"Mwambie mwanao sitaki chochote chake. Hata maziwa yake sitaki."

Limi akakitwika akarudi nacho. Zuwena akawa anakula ugali, maharage na uji wa uwele, akilia kidogo na kula sana kwa hasira. Mtoto akaanza kulala. Kinyesi kikatakata, mashavu yakawa laini, akajua kucheka. Zuwena alifurahi, halafu akaumia, kwa kuwa alihesabu jambo hilo kuwa ushahidi: amekikataa kila cha yule mwanamume, na mtoto amepona.

Mabula alifika na lori la Stanslaus, mwekundu kwa vumbi hadi kwenye kope. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni.

"Mama Zamoyoni, nina kosa."

"Sema, Sabiti."

Akasema yote, na wali, na kitanda, na mkono begani. Zuwena alisikiliza huku akimpigapiga mtoto mgongoni.

"Na baada ya mkono?"

"Niliondoka."

"Kwa nini niamini?"

"Usiamini. Nimekuja tu usije ukaambiwa na Stanslaus."

Zuwena hakuwa amepanga kutabasamu. Alimwambia anawe, apumzike, wataongea. Jioni Limi akaja na kibuyu cha mtindi, akawamiminia wote wawili, mke kwanza. Kuukataa mtindi wa suluhu mbele ya mama mkwe kungekuwa kuvunja ndoa. Zuwena alikunywa, akaongezwa.

Siku iliyofuata mtoto alijikunja kwa kilio. Iliyofuata tena, damu ilirudi.

"Sabiti," alisema Zuwena, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Kuna lingine umenificha."

"Hakuna."

"Mtoto alikuwa mzima mpaka ulipokanyaga hapa."

Mabula alikaa kwenye kizingiti na kichwa mikononi. Alianza kujiuliza kama mkono begani nao huhesabiwa. Alisema atarudi Geita asubuhi ile ile, akae mbali hadi mtoto aache kunyonya, kama umbali ndio dawa.

Limi akawakuta hivyo, na kibuyu kichwani. Alikuwa na donge lake pia.

"Leo tena utanirudisha nacho? Siku zile ulipokataa maziwa yangu nilipita sokoni nikiona aibu. Watu wakaniuliza nimemkosea nini mkwe wangu."

"Siku zile," alirudia Zuwena. Akamtazama mtoto, akatazama kibuyu. "Mama, siku zile nilizokataa, ndizo alizopona."

"Ndizo."

"Na juzi nikanywa."

Limi alishusha kibuyu polepole, akakiweka chini mbali na mtoto.

"Basi ni mimi," alisema. "Kila asubuhi nilimletea mjukuu wangu maumivu kwa miguu yangu."

"Ni mimi niliyeagiza," alisema Mabula.

"Na mimi niliyeyanywa," alisema Zuwena. "Nikakunyooshea wewe kidole."

Zuwena aliyaacha maziwa, mtindi na samli, kisipite kitu cha ng'ombe kwenye ziwa lake. Damu ikakoma polepole. Mwaisha alikataa kukubali, akasema dawa ilikuwa kule kuungama. Mabula aliposikia alipata matumaini fulani, akamwuliza mkewe kama jambo lile la Geita sasa limekwisha.

"Kitanda kile hakikumuumiza mtoto," alisema Zuwena. "Kiliniumiza mimi, Sabiti."

Mabula aliitikia tu kwa kichwa. Hakuomba zaidi.

Mavuno yalipokwisha walikwenda wote Ibadakuli. Wanaume wa ukoo walikaa zizini, kibuyu kikapita mkono kwa mkono mpaka kikamfikia Mabula, naye akakipitisha kwa jirani yake bila kukigusisha mdomo. Mwana wa Kisukuma kukataa maziwa ya baba yake. Wazee wakageuka kumtazama.

"Unaumwa?" aliuliza baba yake.

"Siumwi, baba. Mtoto wangu ananyonya."

"Kwani wewe ndiye unayenyonyesha?"

Wakacheka mpaka ng'ombe wakageuza vichwa. Mabula aliinama akauacha utani umpige wote.

"Mtoto akinyonya, baba hujizuia," alisema. "Mimi najizuia hivi. Mama yake akirudi kunywa, nitakunywa."

Zuwena alikuwa upande wa pili wa boma, mtoto kifuani, akiwa amejifunga ile kanga nyekundu iliyokwisha kufifia. Alisikia kila neno. Akampandisha mtoto begani, akaita kwa sauti ambayo zizi zima lilisikia.

"Mabula. Njoo tule."