Kitambaa cha Advera

Kila asubuhi, baada ya chai, Mama Advera alimfunga binti yake kitambaa cheusi juu ya jicho la kulia. Hilo ndilo lililokuwa zima. La kushoto lilikuwa hafifu, na daktari alitaka lifanye kazi peke yake mpaka lipate nguvu.

Advera aliaga, akatoka. Alipoipita kona ya mwisho ya mtaa wao pale Ipuli, alikivua kitambaa na kukisokomeza mfukoni. Shuleni walikuwa wakimwita Chongo. Alasiri alikivaa tena kabla ya kuingia uani.

"Umekivaa kutwa?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama."

Mwaka mzima ukapita hivyo. Waliporudi kliniki, mama alikuwa amekata tamaa.

"Daktari, tumefuata kila ulichosema, lakini jicho liko vilevile. Afadhali tuache, nisimtese mtoto bure."

Daktari Zahabiya alitoa miwani yenye kioo chekundu upande wa jicho la kushoto na cha kijani upande wa kulia. Akamvisha mama kwanza, akamwambia autazame ukuta mweupe.

"Naona nyekundu," mama alisema. "Sasa kijani. Nyekundu tena. Mbona inabadilika yenyewe?"

"Macho yako yanashindana. Ubongo unalisikiliza hili, kisha unahamia kwa lile."

Advera akavaa, akangoja. Ukuta ulikuwa wa kijani, ukabaki wa kijani.

"Ubongo wake umeacha kulisikiliza jicho la kushoto," daktari alisema kwa upole.

"Pole, mwanangu," mama alisema, akimpapasa mgongo.

Pole hiyo ilimchoma Advera. "Mama, nilikuwa nakivua njiani. Kila siku. Walikuwa wananicheka."

Mama hakugomba. Aliondoa mkono taratibu, akainamisha macho. "Na mimi nimekuja hapa kumlaumu daktari wa watu."

Walianza upya. Mama alikwenda kuzungumza na Mwalimu Xavery, naye akalikanya darasa. Safari hii Advera hakukivua. Baada ya miezi mingi, jicho la kushoto likaweza kusoma herufi kubwa ubaoni. Ndogo zilikataa.

"Ningeanza mwaka ule, ningezisoma?" alimuuliza daktari.

"Huenda. Ubongo wa mtoto hujifunza upesi, lakini kadiri unavyokua, ndivyo inavyokuwa vigumu," daktari alijibu. "Hiki ulichopata umekipata kwa sababu ulisema kweli. Ulichokosa siwezi kukurudishia. Siku nyingine wakikucheka, mwambie mama siku hiyohiyo."

Advera aliitikia kwa kichwa, akatoka na mama yake.