Karatasi Sita za Shangazi Hadia

Nyie mliomwita shangazi yangu mchawi nawajibu hapa kwa maandishi, maana mimi nilikuwepo.

Ilikuwa asubuhi ya arobaini ya Iman, mwanawe wa miaka minne aliyefariki kwa malaria. Uani kwake, mtaa wa Makanyagio, wanawake walikuwa wanachambua mchele. Shangazi Hadia akanivuta hadi stoo anakosafishia picha, akafunga komeo, akawasha taa nyekundu. Kazi hiyo aliirithi kwa babu, na mashine yake. Amewapiga picha watoto wa nusu ya mji. Wa kwake kila siku alisema atampiga kesho. Ilibaki negativu moja: Iman anakimbia, kaipa kamera mgongo.

"Hata kisogo chake kinanitosha," alininong'oneza.

Karatasi za kuchapia picha zilibaki sita.

Ya kwanza ikatoka kisogo. Ya pili, nikaona sikio.

"Shangazi, umebadilisha negativu?"

"Sijaigusa."

Akaiinua kwenye taa. Mgongo ule ule.

Ya tatu, shavu. Ya nne, kope. Ya tano, pua.

Nilitaka kutoka. Ila mlango ukifunguka, mwanga huunguza karatasi. Shangazi aliinamia beseni la dawa, machozi yakidondokea humo.

"Geuka, baba. Geuka mama akuone."

Akazamisha ya sita. Ikaanza kuja. Nywele. Paji la uso.

"Anaongea na nani humo?" Alikuwa wifi yake, Mwanahija, mlangoni. "Watu wanasubiri dua, yeye kajifungia gizani. Si ndiyo nilisema? Mtoto hakufa. Kamfanya msukule."

"Mama, tupeni dakika moja," nikamsihi Mwanahija.

Teke. Komeo likang'oka. Jua la saa nne likamwagika ndani.

Dakika moja. Mama aliyezika, mkamnyima dakika moja.

Karatasi ikawa nyeusi tunaiona. Shangazi akakaa sakafuni. Mimi ndiye niliyeinyanyua kwa kibanio, nikaitia kwenye dawa ya kuigandisha picha isizidi kuungua.

Ninayo. Mwenye hoja ya kupinga aje aitazame. Imeungua yote, isipokuwa katikati, pale kitu kilipoikinga na jua: kiganja cheupe na vidole vyake vitano, kidogo kuliko cha mtu yeyote aliyekuwa stoo ile.

Ndani ya kiganja, picha imepona. Ni mdomo wa mtoto, umefunguka nusu, kama wa anayeanza kuita.