Rimu Kubwa za Mume Wangu

Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, huwa nimeshawasha gari. Nabeba watoto wanne wa mtaani kwetu na kuwapeleka shule. Watatu hupanda wenyewe, kwa kusukumana na kelele. Wa nne ni msichana wa miaka saba, na miguu yake haina nguvu. Namwinua, namkalisha nyuma, namfunga mkanda. Kisha nakunja kiti chake cha magurudumu na kukiingiza kwenye buti.

Sote tunamwita Jaji, kwa sababu hakuna jambo asilolitolea hukumu.

"Mama Dereva, leo umechelewa dakika mbili."

"Nisamehe, mheshimiwa."

"Usirudie."

Kabla yangu, Jaji alikaa nyumbani mwaka mzima. Madereva wengine walimkataa. Walisema kiti chake kinajaza buti na kumpandisha kunawachelewesha. Nilipokubali kumbeba, mama yake alinishika mikono yote miwili. Siku hiyo niliapa kwamba mtoto huyu hatakosa shule kwa sababu ya gari langu.

Sasa, shule yetu hukagua magari ya watoto kila muhula. Gari likishindwa, halibebi mtoto hadi muhula ujao. Ukaguzi wa safari hii ulipangwa Alhamisi. Na rimu zangu za chuma zilikuwa zimechoka. Mbili zilipindwa na mashimo ya barabarani, kila siku zinavuja upepo. Ilibidi nipate nyingine.

Mume wangu ni seremala. Kwa mbao, sijaona wa kumshinda. Shida yake ni moja tu: anadhani dunia nzima imetengenezwa kwa mbao. Kitu kisipoingia, yeye anatafuta randa.

Jumamosi akarudi na rimu nne za inchi kumi na saba, pamoja na tairi zake. Zilikuwa zinang'aa hadi unajiona meno. Alibadilishana na mtu kwa kabati la milango miwili.

"Baba, hizi ni za gari kubwa. Zitaingia?" nikauliza.

"Mke wangu, unaongea na fundi! Matundu ya nati nimehesabu, matano kwa matano. Nafasi kati ya tundu na tundu nimepima. Sawasawa kabisa."

Tukazifunga. Gari likainuka, likatanua mabega. Tukazunguka mtaa mara mbili, mimi na yeye mbele. Gari halikutoa mlio wowote. Nami, nisiwe mwongo, nilijisikia bibi harusi.

Jumatatu nikapakia watoto. Tulipopita kwenye tuta la kwanza nikasikia sauti nyuma. Krrr! Nikajitia hamnazo.

"Mama Dereva," Jaji akasema, "tairi inakula gari. Upande wangu."

"Ni barabara tu, mama."

"Barabara iko chini. Hii sauti iko hapa ubavuni. Na inanuka mpira."

Nilipofika shuleni nikainama kutazama. Lo! Ukingo wa nje wa tairi za nyuma ulikuwa umekwaruzwa, kushoto na kulia. Vipande vya mpira vilining'inia kwenye madigadi, lile bati linalofunika gurudumu. Upande wa Jaji, mkwaruzo ulishakuwa mrefu kama kidole. 

Nikaenda moja kwa moja kwenye karakana ya mume wangu. Akaingia garini peke yake, akaendesha, akarudi anatabasamu.

"Sijasikia kitu. Watoto nao, ukiwasikiliza hutalala."

Hapo nikapandwa na hasira, na sikuificha.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Panda nyuma!"

"Mimi?"

"Wewe. Na hawa mafundi wenzako wawili wa karakana. Na ule mzigo wa mbao uingie kwenye buti. Leo nabeba watu wazima."

Wakajibana, magoti yamegusa videvu. Tukapita kwenye lile tuta. Krrrr! Mume wangu akaruka kama amekalia msumari.

"Kumbe ni hivyo!" akasema. "Basi usijali. Nitaugonga ukingo wa bati kwa nyundo, ulale. Dakika kumi."

"Hugongi kitu. Nipe siku moja. Nataka kujua kosa liko wapi, kisha litatoka."

"Alhamisi iko mlangoni, mke wangu."

"Ndiyo maana tunaondoka sasa hivi."

Tukaenda kwa Mama Upepo, wale mafundi wawili wakiwa bado nyuma. Huyu ni mama wa makamo anayeuza na kufunga matairi. Alianza na pampu moja ya mguu, jina likamganda. Hakutusalimia kwa marefu. Alitazama gari mara moja, akashika kiuno.

"Nani amelivisha mtoto viatu vya baba yake?"

Mume wangu akakohoa. "Matundu ya nati yanalingana, dada."

"Yanalingana, sikatai. Shati la jirani nalo lina vifungo sawa na lako. Linakutosha?"

Nikacheka. Mume wangu hakucheka. Mama Upepo akafungua mlango wa dereva na kutuonyesha kibandiko kwenye nguzo ya mlango.

"Someni hapa kwanza, kabla ya kutafuta rimu. Gari hili linataka rimu ya inchi kumi na tano. Na saizi ya tairi imeandikwa. Tairi zenu zimezidi urefu kwa zaidi ya sentimita tano. Ndiyo maana nafasi ya juu imekwisha. Hata mshale wa spidi unawadanganya. Ukisoma hamsini, kumbe umepita."

"Na kukwaruza ubavuni?" nikauliza.

"Swali zuri. Fundi, una futi kamba?"

Seremala gani hana futi kamba? Mume wangu akaitoa mfukoni. Mama Upepo akalaza chini rimu yangu moja ya zamani isiyopinda, tuliyokuja nayo, mgongo juu. Kando yake akalaza moja ya zile kubwa, aliyoifungua garini na kuivua tairi.

"Kila rimu ina upana," akasema. "Ya zamani ni inchi sita. Hii ni saba na nusu. Sasa fikirieni mstari unaopita katikati ya upana huo. Halafu tazameni hapa penye matundu ya nati, bapa linalokaa kwenye gari. Bapa halikai kwenye mstari wa katikati. Limesogea kuelekea nje. Limesogea kiasi gani? Hicho ndicho kipimo ambacho wengi hawakiulizi. Sisi mafundi tunakiita ofseti. Kimegongwa hapa, kwa herufi ET."

Nikainama. Rimu ya zamani iliandikwa ET 45. Kubwa iliandikwa ET 25.

"Ni milimita," akaeleza. "Bapa likisogea sana kuelekea nje, gurudumu linaingia ndani ya gari. Likisogea kidogo, gurudumu linatokeza. Yenu imepungua ishirini, kwa hiyo gurudumu limetoka nje milimita ishirini. Na upana umeongeza nyingine kumi na tisa kila upande."

Mume wangu alikuwa ameshapiga magoti. Akachukua ubao ulionyooka, akaulaza juu ya rimu, akapima kutoka ubaoni hadi kwenye bapa. Akapima na upana. Akarudia. Midomo ilikuwa ikicheza kwa hesabu.

"Milimita thelathini na tisa," akasema polepole. "Karibu sentimita nne nje. Mimi kabati likizidi sentimita nne haliingii mlangoni."

"Na gari likiwa tupu, unadhani limeingia," Mama Upepo akasema. "Wakikaa watu nyuma, springi zinashuka, bati linakutana na tairi."

"Kwa hiyo nikigonga bati..."

"Ukigonga bati, umemfukuza shahidi tu. Kosa limebaki. Beba ndoo ya maji karibu na mwili. Kisha ibebe mkono umenyooka. Si bega linauma? Beringi zinazozungusha gurudumu nazo ni hivyo. Gurudumu likikaa mbali, zinakufa mapema. Na tairi hii ikiendelea kukwanguliwa, itapasuka. Watoto wako ndani."

Mume wangu akairudisha futi kamba mfukoni. Aliponitazama, macho yalikuwa mekundu.

"Nilitaka gari lako lipendeze," akaniambia. "Nilimkalisha mtoto wa watu juu ya hatari kwa sababu ya urembo."

"Hukujua, Baba. Mimi nilisikia nikanyamaza. Sasa tumejua, tufanye."

Mama Upepo akakubali kubadilishana nasi zile kubwa, maana wenye magari makubwa huzitafuta. Akatuletea rimu nyepesi za inchi kumi na tano, upana sita, pamoja na tairi zake. Safari hii mume wangu hakuuliza zinang'aa kiasi gani. Alisoma mwenyewe: "Matundu matano. Nafasi ileile. ET 43. Zimetofautiana na zetu milimita mbili."

"Mbili hazina neno. Endelea. Tundu la katikati?"

"Linakaa kwenye gari bila kucheza."

"Tairi?"

"Saizi ya kibandiko. Na namba ya uzito ambao tairi inabeba haiko chini ya ile ya kibandiko."

"Unafundishika wewe," Mama Upepo akasema.

Akakaza nati kwa kuvuka, moja huku, nyingine ng'ambo yake, kwa spana yenye kipimo cha nguvu ya kukaza. Kisha akatuagiza tujaze gari, tukate usukani hadi mwisho, kushoto na kulia, tupite kwenye matuta. Tukafanya hivyo na wale mafundi wawili wa karakana na mbao zao. Kimya kabisa. Jumatano jioni, baada ya kutembea kilomita mia moja, tulirudi akazikagua nati tena. Moja ilikubali robo mzunguko.

Alhamisi mkaguzi alikuwa kijana mkali. Alisoma kibandiko, akasoma rimu, akaagiza watoto wote wapande. Kiti cha Jaji kikaingia kwenye buti. Akaingiza mkono kati ya tairi na madigadi, mbele na nyuma. Akaniambia nikate usukani hadi mwisho, akapiga goti kusikiliza. 

"Nani alikuchagulia hizi?" akauliza.

"Mume wangu," nikasema. "Alipima."

"Mwambie amepima vizuri. Gari limepita."

Nilimsukuma Jaji hadi mlangoni mwa darasa, nikabaki nje, mgongo ukutani. Ndani mwalimu alianza kuita majina ya wanafunzi, mmoja baada ya mwingine. Akafika kwenye jina la mtoto wangu wa kiti cha nyuma.

"Nipo!" Jaji akajibu, kwa sauti iliyosikika hadi barabarani.