Mdogo Wangu Ana Mdomo Wake

Kila Jumapili jioni wakati wa likizo, mimi na mdogo wangu tulikabidhiwa. Sina neno jingine linalofaa. Baba husimama upande mmoja wa barabara, mbele ya duka la dawa, na mama upande wa pili. Sisi huvuka na mabegi yetu kama mateka wanaobadilishwa baada ya vita. Kila mara kulikuwa na ujumbe. Mama angesema tumwambie baba yetu kuwa viatu vya shule vimeanza kubana, na baba angesema tumwambie mama yetu kuwa amesikia. Walikuwa wakisikiana vizuri kabisa, lakini itifaki ni itifaki.

Baba ni fundi wa masofa. Wiki yake tulilala katika chumba cha nyuma ya karakana, kwenye godoro aliloshona mwenyewe, na tulikula juu ya meza ile ile ya kukatia vitambaa. Mama hushona sare za shule. Wiki yake tulikata nyuzi zilizoning'inia na kushona vifungo huku akitusimulia habari za wateja wanaodai wamepungua unene wakati futi ya kupimia inasema vingine. Kote tulishiba, na kote tulipendwa. Kilichokosekana ni wapendaji wenyewe kuzungumza.

Mdogo wangu yuko darasa la nne na ana kigugumizi. Wenzake walimbandika jina la Spika ili kumkejeli, naye akalipokea bila kununa, kama mtu aliyepandishwa cheo. Mimi nasoma shule ya bweni, na huko naitwa Wakili, kwa kuwa sijawahi kupewa adhabu nikaacha kukata rufaa. Tangu Spika aanze kusema, mimi ndiye niliyemmalizia sentensi zake. Dukani, akianza tu "Na-naomba," tayari nimeshamwambia muuzaji kuwa mtoto anataka kalamu ya bluu. Niliihesabu kazi hiyo kuwa huduma kwa jamii.

Mambo yaliharibika baba alipopata kazi katika kiwanda cha samani kwenye mji mwingine, safari ya kutwa nzima. Kesi ya nani akae na watoto ilikuwa imeshafika mahakamani, kila mmoja akitutaka sisi sote. Sasa walikuwa wamechoka. Mbele ya ofisa wa ustawi wa jamii, wakakubaliana kwa mara ya kwanza tangu waachane: mtoto wa kiume aende na baba, wa kike abaki na mama. Kilichobaki ni hakimu kutusikiliza na kuidhinisha.

Lazima niwaeleze wazazi wangu ni watu wa namna gani. Ni mafundi. Wanapenda kitu kilichokatwa sawasawa. Walipoachana, waligawana cherehani mbili, moja huku na moja kule. Mikasi mikubwa, kila mtu wake. Seti ya viti waliipasua katikati, na hakuna aliyelalamika. Walipofika kwetu wakaona tuko wawili, na hesabu ikakubali bila kuacha baki.

Nilipomuuliza mama, aliniambia kuwa mimi niko bweni muda mwingi, kwa hiyo hata nisingehisi. Baba alisema tungeonana likizo zikipatana. Kisha kila mmoja, kwa wakati wake, akamwambia ofisa kwamba watoto wameridhia. Methali inasema wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Sawa. Lakini hawa tembo walikuwa wamepata nyasi yenye ulimi.

Niliunda mpango. Tungemwambia hakimu kuwa wazazi wote wawili hawafai, naye angelazimika kutupeleka sisi sote kwa bibi, mama yake mama, anayeishi mtaa wa jirani. Baba angekuwa mlevi anayetulaza njaa. Mama angekuwa anatufinya na kutushonesha vifungo mpaka tunazimia. Mimi ningesema, Spika angeitikia kwa kichwa, na akibanwa sana, angelia.

Nilimfundisha uani kwa bibi, nikitembea mbele yake mikono nyuma kama mwalimu wa zamu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua mdomo.

"La-la-lakini, dada..."

"Lakini dada unajua unachofanya," nikammalizia. "Ndiyo, najua. Sasa nionyeshe unavyolia."

Hakulia. Nikamwambia hata kununa kunatosha.

Siku ya mahakama, mama alikaa mwisho mmoja wa benchi la ukumbini na baba mwisho wa pili. Bibi, ambaye miguu humsumbua, alikaa katikati na mkoba wake mapajani, kama mpaka wa nchi mbili. Mama aliinyoosha kola ya shati la Spika, na baba alipomwita aje kwake, akaikunja upya kwa namna yake. Kola haikuwa na kosa lolote.

Karani alituita. Hakimu alikuwa mama wa makamo, amevua viatu chini ya meza akidhani hatuoni. Hakutusikiliza katika ukumbi wa watu bali ofisini mwake, mlango umefungwa. Alisema angezungumza na kila mmoja peke yake, aanze na mimi.

Nikamweleza kwa heshima zote kwamba hilo haliwezekani. Mdogo wangu hasemi sawasawa, na mimi ndiye msemaji wake tangu zamani.

"Basi leo utapumzika," akasema, na Spika akatolewa nje na karani.

Sikutetereka. Nilisimulia. Nilimlewesha baba yangu mpaka akaanguka juu ya sponji zake. Nilimfanya mama atufinye kwa koleo. Niliongeza na chupa zilizovunjika, ambazo hazikuwemo kwenye mpango, ila zilikuja zenyewe na nikaona haya kuzifukuza. Hakimu hakunikatiza. Aliandika kidogo, akauliza kidogo, akanishukuru. Nilitoka nikijiona nimeshinda kesi.

Kisha Spika akaingia, akakaa muda mrefu kuliko mimi. Nilijaribu kusogea karibu na mlango, karani akanitazama mpaka nikarudi. Nilijua hasa kilichokuwa kikiendelea: mdogo wangu alikuwa amekwama kwenye neno la kwanza, anatoka jasho, na mimi sipo. Nikaanza kuchukia lile jengo zima.

Tulipoitwa tena, yeye alikuwa ametulia kwenye kiti, miguu ikining'inia. Hakimu akasema kwamba amesikia habari mbili zisizofanana hata kidogo. Kwa maelezo ya mdogo wangu, baba hajawahi kunywa kitu kikali kuliko chai ya tangawizi. Mama akikasirika huzima redio na kushona kwa kasi, basi. Amesema anawapenda wote wawili. Amesema hataki kuhamishwa peke yake.

"Hawezi kuwa amesema yote hayo," nikajibu. "Mmemwekea maneno mdomoni."

"Ni-nimesema mimi," akasema Spika. "Naweza. We-wewe ndiye hungoji."

Niliwahi kupigwa mpira wa kikapu kifuani, na nafuu ulikuwa ule mpira. Hakimu alimwacha ameze mate, amalize. Spika akasema kwamba siku ile uani alitaka kuniambia huo ni uongo, nami nikamjibu kabla hajasema.

Hakimu akaniuliza kama nilijua kingetokea nini iwapo angeniamini. Baba yangu angewekewa amri ya kutotusogelea. Mama yangu angeitwa na polisi. Fundi anayedaiwa kuwafinya watoto kwa koleo, nani atampelekea mwanawe apimwe sare? Kuhusu bibi, mtu mwenye miguu inayouma vile angepewa watoto wawili bila hata kuulizwa.

Hilo la bibi lilinichoma, lakini sikuwa tayari kuinama. "Nimesema uongo, Mheshimiwa, na nauondoa wote, na chupa zake," nikasema. "Lakini na mimi nina swali. Nani alituuliza? Baba amesema tumeridhia. Mama amesema tumeridhia. Wametugawa kama viti, kimoja huku, kingine kule, na ofisa akaona ni haki. Mdogo wangu si kiti. Mkitaka kuniadhibu, niadhibuni, lakini hatugawanyiki."

Hakukasirika.

"Hayo ndiyo ungeanza nayo," akasema. "Wazazi wako wamekuja hapa kuniambia watoto wanataka nini bila kuwauliza. Wewe umekuja kuniambia mdogo wako anateseka vipi bila kumuuliza. Unawakasirikia, binti, na huku umevaa kiatu chao."

Sikukata rufaa.

Aliwaita wazazi wakae mbele yetu, na bibi akaja bila kuitwa. Kisha hakimu akamwambia Spika arudie mwenyewe, kama anataka. Spika akasema anataka. Alianza, akakwama, akarudi nyuma, akaanza tena. Mama alisogea mbele midomo ikicheza. Baba, ambaye hawezi kuvumilia mshono uliolegea, akaanza kumalizia: "Anasema kwamba angependa..."

"Baba, ngoja," nikasema.

Ni mimi niliyesema hivyo. Bibi aligeuka kunitazama vizuri, kana kwamba ameletewa mjukuu mwingine.

Tukangoja. Feni iliguna darini. Na Spika akafika alikokuwa akienda. "Si-sitaki kuchagua mtu. Nataka kuwa na dada. Na mu-mzungumze wenyewe. Mimi na-nachoka kubeba ujumbe."

Baba aliinamisha kichwa, akawa anatazama mikono yake yenye madoa ya gundi. Mama alifuta macho kwa futi iliyokuwa bado shingoni mwake. Alisahau kuivua alipotoka kazini.

Hakimu akatoa uamuzi wake. Watoto wasitenganishwe. Wakae kwa mama, shule na makazi yao yasivurugwe, na likizo waende kwa baba, wote wawili pamoja, si mmoja mmoja. Baba awe huru kuja kuwaona na kuwapigia simu. Na wazazi wakutane na ofisa mpaka wajue kuzungumza bila kutumia watoto. Baba aliuliza kwa sauti ya chini kama kuna njia yoyote ya kupata zaidi. Hakimu akamwambia kuwa akihama karibu, mlango uko wazi. Baba akaitikia kwa kichwa. Nilitamani kumsemea, nikauma ulimi.

Kabla hatujatoka, hakimu aliniita kando. "Ulikuwa na haki ya kupinga," akaniambia. "Usiache tabia hiyo. Ila ukija kudai haki, njoo na ukweli, tena wa kwako. Wa mwenzako mwachie mwenzako aulete, hata akichelewa. Uongo ukiingia kwenye madai ya haki, anayeumia kwanza ni yule uliyetaka kumkinga."

Nikamwambia nimeelewa. Nikamwambia pia kwamba viatu vyake vinaonekana. Akacheka, akavivaa.

Nje, kwenye ngazi za mahakama, jua lilikuwa kali. Mama na baba walisimama karibu kuliko nilivyowaona kwa mwaka mzima, kila mmoja akitafuta pa kuanzia. Spika akavuta pumzi, akafungua mdomo.

"Ni-ni..."

Sote tukanyamaza. Baba alishusha begi lake. Mama akainama kidogo, na bibi akashika reli ya ngazi. Watu walipita wakitukwepa, dereva mmoja akapiga honi, na sisi hatukusogea, kwa maana baada ya yote yaliyotokea ndani, tulijua mtoto huyu haropoki.

"Ni-nina njaa," akasema.

"Hata mimi," akasema baba, akimtazama mama. Mama akajibu, yeye mwenyewe na kwa baba mwenyewe, kwamba kuna mkahawa pale kona.