Mhamishe Mama Kwanza

Jioni hiyo nilitoka kununua mirija ya kunywea. Kaka yangu hawezi tena kushika kikombe, na shemeji alikuwa amenipigia simu mara mbili kunikumbusha, kwa sababu ananijua. Mimi ni mtu wa kutumwa chumvi nikarudi na kiberiti. Nikachukua pakiti moja dukani, nikarudi kibandani kwangu, pale ninapotengeneza simu, nimsubiri shemeji, aliyekuwa aje jioni hiyo.

Nikakuta mtu amekaa kwenye stuli yangu.

Nilimfahamu. Ni mzee mmoja nadhifu aliyekuja juma lililopita na simu nyeusi iliyopasuka kioo, ananong'ona kila anaposema, utadhani yuko chumba cha mgonjwa. Nilikuwa na hakika nimefunga kufuli. Lakini mtu mwenye siri kichwani husahau mengi, nikajiambia nimesahau.

Halafu ile harufu... Majivu ya jiko yaliyomwagiwa maji.

"Shida yako haijaisha, mzee?" nikamuuliza.

"Bado," akanong'ona. Akaisogeza ile simu nyeusi juu ya meza. "Leo tumia hii. Usitumie yako."

Hapa inabidi nieleze, na ningekuwa na uwezo ningeishia hapa.

Kaka aliweka akiba yake yote katika sarafu za mtandaoni. Pochi ya sarafu hizo haijui sura ya mtu wala sahihi yake. Inafunguliwa kwa maneno kumi na mawili, kwa mpangilio wake, na mwenye maneno ndiye mwenye mali. Kaka hakuyaandika popote. Aliyagawa: sita ya kwanza akanifundisha mimi, sita ya mwisho akamfundisha mkewe. Kila mwisho wa mwezi tulimsomea ili tusiyasahau. Mimi nilimwinamia nikamnong'oneza yangu sikioni, shemeji akiwa nje. Kisha nikatoka mimi, akaingia yeye. Familia nyingine hupiga picha pamoja. Sisi tulikuwa na hilo.

Kisha kiharusi kikamwangusha. Mkono wa kulia ukafa, ulimi ukafa, masikio yakawa mazito. Daktari alisema ulimi unaweza kurudi akitibiwa mapema, na matibabu yenyewe si ya kulipia kwa chenji. Zile sarafu ndizo zilikuwa ulimi wa kaka. Hatukuwa na kingine cha kuuza.

Desturi yetu tuliendelea nayo. Kaka akisikia neno sahihi, alibonyeza godoro kwa kidole cha mkono wa kushoto. Ila sasa shemeji alilazimika kunong'ona kwa nguvu ili asikike. Na mimi, badala ya kwenda zangu uani, nilisimama chini ya dirisha.

Nikayajua maneno yake yote sita. Yeye hakujua kwamba nayajua.

Sasa, wenye mtandao wa zile sarafu walikuwa wamegombana wakagawana njia, na kila aliyekuwa na sarafu upande mmoja akajikuta ana nyingine kama hiyo upande wa pili. Pacha. Maneno yaleyale, mali mbili. Habari hiyo aliniletea yule mzee, siku aliyokuja na simu yake. Kumdai pacha si dhambi wala si kazi ngumu, lakini kuna mwiko wake, na kaka alinifundisha angali mzima: mhamishe mama kwanza, ndipo umwite mtoto. Yaani sarafu za asili unazipeleka kwenye pochi mpya yenye maneno mapya. Zikishafika salama, ndipo unayatumia maneno ya zamani kumdai pacha. Hata ukiangukia kwa mwizi, atakuta nyumba tupu. Lakini ukimwita mtoto mama akiwa bado ndani, umemfungulia mlango yeyote anayesikiliza.

Nilijua yote hayo. Mwenye macho haambiwi tazama.

Tatizo, shemeji alikuwa anakuja kibandani jioni ileile, akishamlisha kaka, tuhamishe sarafu kwa pamoja. Habari za pacha hakuwa nazo. Akikaa kando yangu angeona, na akiona, pesa za pacha nazo zingekwenda hospitali. Mimi nilikuwa nimeshampangia matumizi: kibanda kikubwa, vioo mbele, jina langu juu linawaka taa. Nikajiambia pacha ni kama mvua, hakuna aliyeipanda. Kwa hiyo ilibidi nimdai kabla shemeji hajafika, na kabla mama hajahama.

Nikaichukua ile simu nyeusi. Programu ya kudai ilikuwa imeshafunguka, inasubiri.

"Simu si yako," mzee akanong'ona. "Unaogopa nini?"

"Mama hajahama." Sijui kwa nini na mimi nilinong'ona.

"Najua."

Msemo ule ulikuwa wa kaka. Sikuwahi kumwambia mtu.

Ilinipasa nigeuke hapo hapo nitoke. Sikutoka. Nikaanza kuandika yangu. Mwavuli... shaba... ngazi... Nje watoto walikuwa wanapigiana kelele za mpira, na nilipomaliza neno langu la sita nikagundua siwasikii tena. Nikaingia kwenye ya shemeji. Chura... sufuria... ukungu... Harufu ya majivu ikanikaa kooni. Nilipofika neno la kumi na moja, nikakumbuka kile kidole cha kaka kikibonyeza godoro, kinavyotuamini. Nikaona haya. Nikaiweka simu mezani, nikaondoa mikono.

Neno la mwisho likajiandika.

Herufi moja... moja... moja.

Kisha ndani ya ile simu kitu kikavuta pumzi.

Nilipoinua macho, stuli ilikuwa tupu, na mlango haukuwa umelia. Mlango wangu hulia hata akipita paka. Simu yangu mwenyewe ikaita, nikaruka. Alikuwa shemeji, analia na kucheka kwa pamoja.

"Shemeji, njoo," alisema. "Kaka yako anaongea."

Nilikimbia. Nilipofika nikakuta mirija imevunjikavunjika mkononi mwangu, sikumbuki hata nilivyoibeba. Kaka alikuwa ameegemezwa kwenye mito. Shemeji amepiga magoti, ameushika mkono wake, machozi yanamtiririka. Midomo ya kaka ilikuwa inacheza.

"Mwavuli," kaka akanong'ona. "Shaba. Ngazi."

Haikuwa sauti yake. Kaka yangu alikuwa mtu wa kuita mtu ng'ambo ya barabara mpaka mbwa wanabweka.

"Pilipili. Figa. Kengele."

"Unamsikia?" shemeji akaniambia. "Hata kama hayana maana, ni maneno. Ulimi umerudi."

Nikamtazama anavyofurahi, nikatamani ardhi inimeze. Nilijua kinachofuata.

"Chura," kaka akasema.

Mkono wa shemeji ukalegea.

"Sufuria. Ukungu. Msumari..." Aliyamaliza yote, bila kukosea, kisha akarudi kwenye mwavuli. Kila alipofungua mdomo, chumba kilinuka majivu yaliyomwagiwa maji.

Shemeji hakupiga kelele. Aliniomba tufungue pochi. Tukafungua. Mama hakuwepo, na nilipochungulia upande wa pili kwa siri, pacha hakuwepo. Shemeji akakaa kitandani miguuni mwa mumewe.

"Shemeji," akasema. "Yale yangu, ulikuwa unayajua?"

Nilikuwa na nafasi hapo. Neno moja tu lilihitajika.

"Hapana," nikasema.

Akaniamini. Ndilo linalonitafuna mpaka leo, aliniamini palepale. Akasema basi kosa ni lake, alikuwa ananong'ona kwa nguvu mno, lazima kuna mtu alisimama dirishani akamsikia. Alilia mpaka akakosa sauti, akamwomba kaka msamaha, na kaka akamjibu kwa chura na sufuria. Kesho yake akaleta mbao akaliziba lile dirisha. Mimi ndiye niliyemshikia misumari.

Fundi mwenzangu anasema programu za wizi ziko nyingi, na kwamba mtu akishampa mwizi maneno kumi na moja, la mwisho linaweza kukisiwa. Huenda. Nilimwonyesha ile simu nyeusi, akaifungua yeye mwenyewe kwa bisibisi yake. Hakukuwa na betri ndani. Kulikuwa na majivu, yana unyevu. Akanirudishia bila kuuliza, na tangu siku hiyo akinipita hanisalimii.

Kaka huyasema maneno yake kila jua likizama. Mchana hana neno. Shemeji amejaa subira, hukaa naye akimfundisha kama mtoto: sema maji, sema mkate, niite mimi. Kaka humtazama tu. Daktari hatujarudi kwake, tutarudi na nini? Mimi huja kila jioni kushika mrija anywe uji, maana ukimkosea mtu kiasi hicho, hata kukaa mbali naye unaona ni wizi mwingine. Mara nyingi nimefungua mdomo nimwambie shemeji. Hufungua, nikaomba chai.

Jana kaka alimaliza neno la mwisho. Nikangoja arudi kwenye mwavuli. Hakurudi. Midomo ilicheza tena, taratibu, na macho yake yakanigeukia, kama ya yule mzee wa kwenye stuli.

"Bado," akanong'ona.

Shemeji akanikamata mkono. Uso wake wote uliwaka. Sijamwona hivyo tangu kaka augue.

"Umesikia? Ameongeza neno. La kwake, si la wale wezi." Akanisukuma taratibu kuelekea kitandani. "Sogea, ni wewe anayekutazama. Muulize, shemeji. Muulize, bado nini?"