Ukuta Haujakauka

Kila asubuhi kazi ya kwanza ya Dada ilikuwa kukunja godoro lake sebuleni, kabla baba hajalikanyaga akitafuta viatu. Watu wanne, sebule moja na chumba kimoja cha kulala, ghorofa ya tatu! Hata nzi akiingia, ilibidi mtu atoke.

Ndiyo maana baba alipotangaza kwamba nyumba itatengenezwa, Dada aliruka. Kabati refu lingekigawa chumba cha kulala: huku wazazi, kule dirishani Dada na mdogo wake wa miaka minne. Mdogo huyo walimwita Chiriku, maana domo lake halikujua likizo.

Fundi rangi aliukwangua ukuta wa dirishani, akaugonga kwa kidole, akaguna.

"Huu umekunywa maji," alisema. Akabandika kipande cha nailoni na kuziba kingo zake zote. "Mwanangu, kesho jioni chungulia. Ukiona matone ndani, ukuta bado unatoa jasho. Usinifiche."

Kesho yake matone yalijaa tele. Lo! Na Dada alikwisha kuwaalika rafiki zake waje Jumamosi kuona chumba. Akaibandua nailoni, akaifuta kwa sketi.

"Vipi, mwanangu?" fundi aliuliza asubuhi.

"Umekauka."

Neno moja tu. Fundi akapaka rangi, kitanda kikasukumwa hadi ukutani. Rafiki walikuja, wakasifu, wakaondoka.

Wiki ya tatu rangi ilivimba. Kisha ukungu mweusi ukatokeza karibu na mto wa Chiriku. Dada akaufunika kwa kalenda kuukuu.

Chiriku akaanza kukohoa. Baadaye akaacha hata kuongea, na nyumba ikapoa vibaya. Mchana mmoja midomo yake ilibadilika rangi. Mama alimbeba mbio hospitalini, Dada nyuma yake.

"Mama, nyumbani kuna unyevu?" daktari aliuliza.

"Hapana, daktari. Tumepaka rangi juzijuzi."

Dada alimtazama mdogo wake. Kila alipovuta pumzi, mbavu zilibonyea. Akapaza sauti.

"Mama hajui! Ukuta una ukungu. Nimeufunika mimi. Nilimdanganya fundi."

Mama alimgeukia, kisha akampapasa Chiriku mgongoni.

"Afadhali umesema," daktari alisema. "Angepata nafuu, ningemrudisha kulala palepale."

Chiriku alilazwa siku tisa. Baba na fundi walibomoa plasta, wakakuta bomba la ghorofa ya juu likivuja ndani ya ukuta. Bomba likatengenezwa, ukuta ukaachwa wazi mpaka ukakauka kweli, na kitanda kikahamishiwa upande wa pili. Chiriku alirudi amekonda, na dawa ya kuvuta ambayo huenda akaitumia miaka mingi.

Dada alimfuata fundi kumwomba radhi. Alimkuta akiosha brashi yake.

"Mwanangu, wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe ulificha, lakini kifo kilimnyemelea mwingine. Uongo ndivyo ulivyo, haumchagui aliyeusema. Rangi nitapaka tena hata mara kumi. Kifua cha mtoto sina brashi yake."

Dada alirudi nyumbani. Aliingia chumbani, akakaa kando ya mdogo wake, akisikiliza anavyohema.